Visawe kwenye insha ya mtoto

Wazazi wa Kisumu mnaokagua insha jioni, msimpe mtoto kamusi ya visawe, yaani maneno yenye maana zinazokaribiana, kabla hajamaliza kuandika. Aandike kwanza hadi mwisho, kisha apigie mstari vitenzi alivyovirudia. Mara nyingi ni "alienda". Hapo ndipo afungue kamusi, lakini achague kwa kuliona tukio: mvuvi wa Dunga alienda vipi ufuoni? Alijikokota? Alinyata? Alitimua mbio? Vitenzi hivi havibadilishani ovyo. Mchovu hujikokota, anayejificha hunyata. Neno ambalo mtoto hawezi kulitungia sentensi yake mwenyewe, aliache kwa sasa. Na "alisema" msilifute kila mahali, tafadhali. Kwenye mazungumzo marefu linafaa sana.