Usikate uwele chini kabisa: mabua ya kimo cha goti na upepo wa kiangazi

Mwezi wa nane, jua la saa nane, ingia kwenye shamba lililovunwa uwele kisha uchuchumae. Nyuma ya kila kisiki utakuta kijilima cha mchanga mwembamba chenye mkia, na mikia yote imelala upande mmoja. Huko ndiko upepo unakoelekea. Huhitaji kifaa kingine cha kukuonyesha. Halafu tazama pale pasipo na visiki. Juu zimebaki changarawe na mchanga mnene, kama chenga zinazobaki kwenye chekeche unga ukishapita.

Mkulima wa Dodoma au Singida akiona korongo anashtuka, maana korongo lina kina na ndama anaweza kutumbukia. Upepo hauachi korongo. Unachekecha shamba zima kwa usawa, na unaanza na kilicho bora: mboji na zile chembe laini zinazoshika maji na mbolea. Milimita 1 tu ikiondoka kwenye ekari moja, zimeondoka kama mita za ujazo 4 za udongo, zaidi ya tani 5. Kwa macho hutaona tofauti. Utaiona miaka kadhaa baadaye, uwele utakapoanza kunyauka wiki moja tu baada ya mvua kukatika, na hapo wengi hulaumu mbegu.

Udongo unasafiri kwa namna tatu. Vumbi laini linapaa juu na kwenda mbali. Hilo lisahau, halirudi. Mchanga mnene unabiringika chini polepole. Kati ya hizo mbili kuna chembe za kama nusu milimita kushuka chini, ambazo hazipai wala hazibiringiki: zinaruka. Kila inayotua inazigonga nyingine, nazo zinaruka, na ndizo zinazolitimua lile vumbi laini. Sehemu kubwa ya udongo unaohama hupita kwa njia hii, na mara nyingi hairuki juu ya goti. Shika hilo la goti. Shika pia kwamba upepo ukiongeza kasi mara 2, uwezo wake wa kubeba mchanga unapanda karibu mara 8. Ndiyo maana siku chache za upepo mkali hufanya uharibifu kuliko wiki nzima ya upepo wa kawaida.

Anayetaka kuona kazi hii ikiwa imefunguliwa wazi aende Ngorongoro, karibu na Olduvai. Pale kuna lundo la mchanga mweusi, umbo la mwezi mwandamo, lililotokana na majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, na linahama zaidi ya mita 10 kila mwaka bila kuvunjika. Shuleni upepo tulifundishwa pamoja na barafu, na barafu nayo ina nguvu kweli: bonde la Teleki kwenye Mlima Kenya lilichongwa nayo likawa na umbo la herufi U. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya maelfu ya miaka huko juu, na huna la kuifanya. Ya upepo unayo, na inaanza siku ya kuvuna.

Unapovuna uwele au mtama, acha bua lisimame kimo cha goti. Bua lililosimama linazuia kuliko lililolala, kwa sababu linaupunguza upepo kasi palepale chembe zinaporukia. Yaliyolala nayo yana kazi: yakifunika hata theluthi moja ya ardhi, upotevu unapungua sana. Wanaoberega hapa, yaani wanaosafisha shamba kwa kuchoma mabua kisha wakapanda bila kulima, wananiuliza kama ninawapinga. Hapana. Kuberega kwenyewe hakuna ubaya mkubwa, maana udongo haugeuzwi. Ubaya uko kwenye kile kiberiti. Ukichoma mabua mwezi wa kumi, umelivua shamba nguo wakati upepo bado upo na mvua iko mbali.

Najua utakachosema: ng'ombe. Mabua yakibaki, mifugo ya kijiji kizima inaingia, na ukiizuia unaonekana mchoyo. Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo mpaka giza likatukuta. Kondoa ilijaribiwa njia ya mkato: mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973, serikali iliondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, ila wafugaji waliibeba gharama, na sishauri kijiji kiige hivyo. Ninachoshauri ni kukata nusu ya juu ya bua, yenye majani, ukaianike kwenye chanja karibu na zizi. Ng'ombe anakula sehemu anayoipenda, na kisiki kigumu, ambacho hata hivyo huwa anakikanyaga tu, kinabaki shambani. Kama majirani wanalisha kwako, kubalianeni tarehe ya kuwatoa ng'ombe, na iandikwe kwenye sheria ndogo za kijiji. Makubaliano ya mdomo hayafiki mwezi wa tisa.

Miti inakuja baada ya mabua. Mstari wa miti uliokatiza upepo unakinga umbali wa kama mara 10 ya urefu wake, kwa hiyo mijohoro au miarobaini ya mita 6 inakulindia mita 60 hivi. Usiibane ikawa ukuta. Upepo ukigonga ukuta unapanda, kisha unashuka upande wa pili kwa vurugu na kuchimba. Uache upenye karibu nusu. Kosa ninaloliona zaidi ni mwanya: mche mmoja umekufa, haukurudishiwa, na sasa upepo unapita pale kwa kasi kuliko kabla hujapanda chochote. Na tusidanganyane, mistari ya kwanza ya mazao karibu na miti itadumaa kwa sababu ya mizizi. Panda hapo majani ya mifugo.

Usiyekuwa na maji ya kumwagilia miche, fanya kisiki hai. Chagua visiki vya miti ya asili vilivyomo shambani, acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, pogoa matawi ya chini, na ufunge kitambaa ili anayepita ajue unautunza. Mizizi ya zamani iko chini tayari.

Trekta lisiingie mapema. Udongo wa kichanga ukipigwa plau ukiwa mkavu unakuwa unga, na unga unaungoja upepo tu. Matuta yanayokatiza upepo husaidia, lakini shamba likiwa na mteremko yafuate kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, hata kama upepo hautapata kizuizi kizuri, maana mvua ya kwanza ya Desemba ni adui mkubwa zaidi.

Kama bado una shaka, chukua makopo mawili matupu. Moja lifukie katikati ya shamba lililoachwa na visiki, jingine kwenye shamba lililofagiliwa, midomo ikiwa sawa na ardhi. Yafukue kila Jumamosi, umimine kilichoingia kwenye mifuko miwili ya plastiki. Ukifika mwezi wa kumi, ibebe yote miwili uje nayo kwenye mkutano wa kijiji.