Jinsi ya kuomba memori ndani ya keneli na kumsaka anayeichafua

Wengi wanaoanza kuandika draiva (kodi ya kuendesha kifaa, inayokaa ndani ya keneli, kiini cha mfumo) wanakuja na mazoea ya malloc, ile ya kuomba memori kwenye programu za kawaida, na hapo ndo balaa linapoanzia. Programu ya kawaida ikiharibu pointa (anwani ya memori) inakufa peke yake, mashine inaendelea. Keneli ikiharibu pointa inachafua data ya mwingine kabisa na kelele inakuja kusikika baadae sana, tena kwenye kodi isiyo na hatia. Naongelea Linux hapa, ndo ninayohangaika nayo kila siku.

Kabla hujaandika kmalloc, fankshen ya kuomba memori ndani ya keneli, jiulize kwanza: hapa nilipo naruhusiwa kulala, yaani kusimama nisubiri? Kama kodi yako imeitwa na programu kupitia wito kama open au ioctl na hujashika spinloki (kufuli ambalo anayelisubiri anazunguka tu bila kulala), ipe kmalloc alama ya GFP_KERNEL, nafasi ikikosekana keneli itakulaza kidogo, ifukuze vitu vya kashe, iandike vingine diski, halafu ikuamshe na memori yako. Ukiwa ndani ya interapti (kifaa kimeikatiza CPU kiomba huduma) au umeshika spinloki huwezi kulala, hapo ni GFP_ATOMIC, ambayo inaruhusiwa kugusa akiba ya dharura ila inashindwa kirahisi zaidi, so NULL (jibu la kukosa memori) uiangalie kila mara bana, sio siku ukijisikia. Mtego wenyewe ni kwamba fankshen yako leo inaitwa sehemu salama, mwezi ujao mtu anaiita akiwa na spinloki mkononi na hakuna anayegundua mpaka mashine igande. Washa CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP (chaguo la wakati wa kujenga keneli) kwenye keneli ya majaribio, itapiga kelele mapema.

Saizi nayo ina mambo yake. kmalloc inakupa memori iliyoshikana kweli kwenye RAM, na vipande vidogo vinatoka kwenye mafungu ya 8, 16, 32, 64, 96, 128, 192 na kuendelea, kwa hiyo ukiomba baiti 100 unapewa 128. Zile 28 za ziada ndo zinazoficha makosa, unaandika baiti 10 kupita mwisho na hakuna kinachotokea, unajiona fundi, siku struct (furushi la data zako) ikiongezeka kidogo kila kitu kinaanguka. Vikubwa vinatoka kwenye kurasa, baiti 4096 kila mmoja kwenye x86, na zinagawiwa kwa 1, 2, 4, 8... Mashine iliyowaka muda mrefu ukisoma /proc/buddyinfo unaweza kukuta safu za kulia, za vipande vikubwa, ni sifuri tupu, yaani memori ipo lakini imekatikakatika. Kama haulazimiki kuipata ikiwa imeshikana tumia kvmalloc, na uirudishe kwa kvfree, usije ukairudisha kwa kfree, hiyo ni ya kmalloc. Array iombe kwa kcalloc, usizidishe mwenyewe, hesabu ikifurika utapewa kipande kidogo huku unadhani ni kikubwa.

Sasa kusaka makosa. Ukiweza kujenga keneli upya, washa CONFIG_KASAN, inayomnasa anayegusa memori isiyo yake. Inaweka baiti 1 ya kivuli kwa kila baiti 8, inakula RAM na mwendo unashuka, lakini ripoti yake inakuambia nani kagusa, nani aliomba na nani aliachia. Ukishaizoea hutaki tena kurudi kwenye printk (kuchapisha ujumbe kwenye logi).

Huwezi kujenga upya? Buti (washa mashine upya) na slub_debug=FZPU kwenye mstari wa amri wa keneli. Memori iliyoachiwa inajazwa 6b, baiti ya mwisho a5, na nafasi za kujazia pembeni zinajazwa 5a. Hizi namba zishike kichwani. Kuna draiva yangu ilikuwa inaanguka ukiitoa, sio kila mara, na logi ikawa inaonyesha anwani hii:

0x6b6b6b6b6b6b6b7b

Angalia mwisho, 7b sio 6b, tofauti ni 0x10, yaani 16. Kwa hiyo handla ya interapti (fankshen inayoitwa interapti ikija) ilisoma pointa ya rejista (vyumba vya kifaa vya kusoma na kuandika) kwenye struct iliyokwisha kufa, ikapata 6b tupu, ikajumlisha 0x10 ya rejista ya hali ikaenda kusoma huko. Rejista ya 0x10 nilikuwa naisoma sehemu moja tu. Nikafungua remove (fankshen inayoitwa draiva ikitolewa), nikakuta nimeita kfree kwanza, free_irq (inayoondoa handla) ndo inafuata! Nikageuza mistari miwili, basi. free_irq inasubiri handla inayokimbia imalize, kwa hiyo ikitangulia hakuna tena wa kugusa maiti.

Kuvuja ni habari nyingine, haianguki, inapungua tu. Ukiona SUnreclaim (memori ya mafungu ambayo keneli haiwezi kuirudisha yenyewe) ndani ya /proc/meminfo inapanda haishuki, fungua slabtop uone fungu lipi linanenepa. Halafu washa CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK, na ufanye hivi ukiwa rutu (root):

echo clear > /sys/kernel/debug/kmemleak

Pakia moduli, itumie, itoe, kisha:

echo scan > /sys/kernel/debug/kmemleak
cat /sys/kernel/debug/kmemleak

Inapekua memori ikitafuta pointa, kipande kisicho na anayekielekezea kinatajwa pamoja na aliyekiomba. Skani mara mbili, ya kwanza hupenda kusingizia. Na kama uliomba kurasa moja kwa moja kwa alloc_pages hapo kmemleak haioni kitu, jenga na CONFIG_PAGE_OWNER, buti na page_owner=on, kisha usome /sys/kernel/debug/page_owner. Ielekeze kwenye faili kwanza, ni ndefu mno kwa skrini.