Somo: Kumtoa mfalme nje kwa kafara ya h7

Wengi mnaokuja kwenye meza zetu za sataranji za Jumamosi hapa Nairobi mnapenda kushambulia, nami sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na kafara (kete unayoitoa iliwe kwa makusudi) za kubahatisha. Mtu amebakiwa na dakika mbili kwenye saa, watazamaji wamemjaa mgongoni, anamtupa askofu wake halafu ndipo anaanza kutafuta cheki (shambulio kwa mfalme). Kafara huhesabiwa kabla mkono haujagusa kete. Leo tunashika moja tu, ya tangu zama za Greco, Mwitaliano wa karne ya 17.

Pangeni ubao hivi (herufi ni safu wima, a hadi h; namba ni mstari, 1 hadi 8 kuanzia upande wa weupe). Weupe: mfalme g1 na ngome f1, malkia d1, maaskofu d3 na c1, farasi f3, askari d4 na e5. Weusi: mfalme g8 na ngome f8, malkia d8, farasi d7, askofu b4, askari d5, e6, f7, g7 na h7. Kete nyingine ziko zilipoanzia. Zamu ni ya mweupe.

Hatua ya kwanza: nani analinda h7? Mlinzi wa kawaida ni farasi wa f6, lakini askari wetu wa e5 amekwisha kumfukuza hadi d7. Askofu wa c8 angeweza kusaidia kwa mshazari, ila amezibwa na askari wake mwenyewe wa e6. Kwa hiyo h7 inalindwa na mfalme peke yake.

Hatua ya pili: nani anaweza kumla farasi wetu akitua g5? Malkia wa d8 anaiona g5. Sawa, na ale. Askofu wetu wa c1 atamla yeye. Tutakuwa tumetoa askofu na farasi, tukapata malkia na askari juu yake. Lakini kama mweusi angekuwa na askofu e7, hesabu ingebadilika kabisa, na hapo msithubutu bila kuangalia upya. Kosa hili nalikuta kila wiki: mtu amekariri picha, hakukariri sababu zake.

Hatua ya tatu: piga. Askofu anakula h7, cheki. Mfalme anakula. Farasi g5, cheki. Sasa mfalme ana njia tatu za maana; akienda h8, malkia h5 cheki, kisha h7 yamekwisha.

Akirudi g8, malkia anakwenda h5 na kutishia mati (cheki ambayo mfalme hana pa kuikimbia) pale h7. Mweusi anasogeza ngome e8 ili apate mlango wa kutorokea. Hapa tulizeni mikono! Mkikimbilia h7 mara moja, mfalme atatoka f8, kisha e7, na askari wa f7 atamkinga. Kuleni f7 kwanza, cheki. Mfalme h8. Malkia h5, cheki, mfalme g8. Malkia h7, cheki; mfalme f8. Malkia h8, cheki, mfalme e7. Malkia anakula g7: mati. Tazameni jinsi mfalme alivyozingirwa na watu wake: malkia d8, ngome e8, farasi d7, askari e6. Na askari wetu wa e5, ambaye hakusogea hata mara moja, ndiye aliyefunga d6 na f6.

Akipanda h6, farasi anakula f7. Hiyo ni cheki ya pande mbili, farasi mwenyewe na askofu wa c1 aliyefunguliwa njia. Cheki ya namna hiyo haizibiki, lazima mfalme aondoke, na farasi anabaki akimkodolea macho malkia wa d8.

Akipanda g6, kazi inakuwa ngumu, na ndipo wengi huzama. Hakuna mati ya haraka. Malkia aende g4, akitishia farasi ale e6 kwa cheki ya kufunguliwa na kumpata malkia. Askari akiruka f5 kumfukuza, malkia anarudi g3 na tishio bado lipo. Mkifika hapa, hesabuni polepole. Kama saa haiwaruhusu, basi kafara haikuwaruhusu pia.

Wanaotaka kuona mfalme akitembezwa hadi mwisho wa dunia, watafute mchezo wa Edward Lasker na George Thomas, London, 1912. Malkia alitolewa kafara pale pale h7, kisha mfalme mweusi akasukumwa kwa cheki baada ya cheki, akavuka ubao mzima hadi g1, na mati ikaletwa na mfalme mweupe kwa hatua moja tu. Hatua 18 basi. Mimi naupenda kuliko hata ule maarufu wa Anderssen na Kieseritzky wa 1851, ambamo mweupe alitoa askofu, ngome zote mbili na malkia. Ule wa Anderssen unashangaza. Huu wa Lasker unafundisha.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi nimetoka kwenye drafti, na huko kula ni lazima. Je, mweusi asipomla askofu?
Kwenye sataranji hakuna lazima hiyo. Anaweza kumpeleka mfalme h8. Basi umepata askari bure, mfalme wake yuko uchi, na farasi wako bado anakuja g5. Wachezaji wa drafti huwa wepesi sana kupokea kafara, na wenzenu wanalijua hilo.

Mkuu, nikiweka michezo ya Tal kwenye kompyuta inasema kafara nyingine si sahihi. Mbona alishinda?
Kwa sababu aliyekaa mbele yake alikuwa mtu, tena saa inakimbia. Tal alichukua ubingwa wa dunia kwa Botvinnik mwaka 1960, akiwa na miaka 23. Ila usianzie hapo. Jifunze kwanza kafara zinazohesabika hadi mwisho, zile za kunusa zitakuja zenyewe.

Je, mfalme wangu mwenyewe anaweza kwenda vitani malkia wakiwa bado ubaoni?
Mara chache mno. Mwingereza Nigel Short alifanya hivyo dhidi ya Mholanzi Jan Timman, Tilburg, 1991: mfalme alitoka h2, g3, f4, hadi g5, na Timman akasalimu amri. Aliweza kwa sababu kete za mweusi zilikuwa zimefungwa, hazina hatua ya maana. Kama mpinzani wako ana cheki hata moja nzuri, kaa nyumbani.

Sina ubao, na muda wangu ni ndani ya matatu kutoka Umoja hadi mjini. Nifanyeje?
Lichess, tovuti ya sataranji, ni bure na ina mafumbo ya kafara. Usiguse skrini mpaka uione hatua ya mwisho kichwani. Foleni ya Jogoo Road inakutosha kwa mafumbo matatu, ukiyafanya hivyo.

Mwalimu, nikicheza weusi nijikinge vipi?
Mweke farasi f6 na usikubali afukuzwe ovyo. Ukiona e5 inakuja, mlete askofu e7 mapema ili g5 iwe na mlinzi. Jumamosi ijayo tutaupanga ubao upande huo.