Nguzo ya baraza imeoza chini? Usiing'oe, ikate uipe mguu mpya

Nyumba ya mama mkubwa iko Pangani, zile za zamani zenye baraza refu mbele, nguzo sita za mvule zimebeba mtambaapanya, ile boriti ndefu ya ulalo, na juu yake bati, ukikaa pale alasiri upepo wa bahari unakupiga mpaka unasinzia. Siku moja masika yameisha, mtoto kaegemea nguzo ya tatu ikalia kama kitumbua kikavu kinavunjwa. Nikaenda na bisibisi, nikachoma chini kabisa pale inapokutana na sakafu, ikazama mpaka mpinini. Nikapanda juu futi mbili tu nikachoma tena, bisibisi ikateleza, mbao ngumu utadhani chuma.

Ndo ilivyo kwa nguzo nyingi za nyumba za zamani, inaoza miguu tu, kiwiliwili kizima kabisa. Fundi wa kwanza tuliyemwita akasema toa zote sita tuweke za zege. Tukamwambia asante, tukamtafuta mzee mmoja fundi majahazi, na karibu yote ninayoandika hapa nimeyaona mikononi mwake, mengine nimeyajua kwa kuyakosea mwenyewe.

Kabla hujagusa msumeno tafuta maji yanatoka wapi. Nasema hivi kwasababu mbao kavu haiozi, ule ukungu unaokula mbao unahitaji unyevu, mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu haufanyi kitu. Mvule umekaa miaka na miaka ukiwa mzima alafu ghafla unaoza, ujue kuna kitu kimebadilika. Kwetu kilichobadilika ni saruji. Kuna mtu huko nyuma aliona nguzo zinaanza kuchakaa chini akazivalisha soksi ya saruji, karibu futi nzima kwenda juu, na siku ile bila shaka ilionekana kazi safi. Sasa mbao inavimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, saruji haifuati, kwaiyo panabaki ufa mwembamba kuizunguka nguzo, maji ya mvua yanateremka na nguzo yanaingia mle kwenye ufa na hayatoki tena. Nguzo inakuwa imesimama ndani ya kikombe cha maji. Tulipoivunja ile soksi tulikuta uji mweusi, sio mbao.

Angalia na juu pia. Bati lenye tundu, gata lililoziba, kichwa cha nguzo pale kinapobeba mtambaapanya, pande zote nne za nguzo na hasa upande unaopigwa na upepo wa kusi. Gonga na nyundo ukipanda taratibu, mbao nzima inalia kwa mlio mkavu, iliyooza inajibu butu kama umegonga boga. Alafu tofautisha uozo na mchwa, maana dawa zake sio moja: uozo unaweza kuifanya mbao iwe ya kahawia na kupasukapasuka vipande vya mraba kama mkaa, mchwa anakula kufuata nyuzi na kuacha udongo ndani na vinjia vya udongo nje. Ukikuta vinjia, shughulika na mchwa kwanza, wala usimwekee mguu mpya wa mninga ukawa umemwandalia karamu.

Chora mstari pale uozo unapoishia, alafu panda tena kama nchi 4 mpaka 6 ndani ya mbao nzima, hapo ndo pa kukatia. Kama kilichooza ni kishimo kidogo tu juu juu, cha kuingia kidole, huna haja ya kukata: chokoa mpaka ukute mbao ngumu, acha ikauke kabisa, pachika kiraka cha mbao hiyohiyo kwa gundi isiyoogopa maji au jaza epoksi ya mbao, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili ikakauka ngumu. Epoksi ni nzuri ila ni kiraka, sio mguu, usije ukajaza nusu ya nguzo kwa epoksi ukategemea ibebe paa. Na ule mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi ya kawaida uache kwenye makabati huko, nje jua na mvua vinautoa ndani ya msimu mmoja.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndo pa kuwa makini kuliko pote, kubeba paa. Nguzo moja kwa wakati mmoja, hii haina mjadala. Kama nyumba yako ni ya ghorofa na nguzo inabeba roshani au chumba juu, funga ukurasa huu umwite mhandisi, mi naongelea baraza la chini lenye bati. Tandika ubao mnene chini ili uzito usisimame sehemu moja ya sakafu, simamisha propu mbili, yaani mihimili ya muda, moja kila upande wa nguzo kama futi mbili kutoka ilipo, za chuma kama unaweza kukodi, za mirunda iliyonyooka kama huwezi, na juu weka kipande cha ubao ili propu isiume mtambaapanya. Kaza kwa jeki ya gari au kwa kabari mbili zinazopishana. Kaza mpaka uzito uhame, basi. Mimi nilijiona mwerevu nikaendelea kupampu jeki, nikitaka kulinyanyua baraza lililolala upande ule kwa miaka, nikasikia bati linalia kriiii na misumari miwili ikachomoka na ufa ukatembea kwenye lipu mpaka juu ya dirisha la mama mkubwa. Mzee hakugomba, kasema tu, "Shusha baba, shusha. Nyumba imeshazoea kulala hivyo, ukiiamsha ghafla itakugombeza." Milimita mbili tatu zinatosha. Utajua uzito umehama ukiona nguzo mbovu imelegea, ukiitikisa inacheza.

Ukishakata chini, usiweke kipande kipya kichwa kwa kichwa alafu ukapiga misumari ya mshazari, kile kitu kitapinda siku ya kwanza mtu akiegemea. Kinachotakiwa ni kulalianisha nusu kwa nusu. Nguzo yetu ni nchi sita kwa sita, tukachukua urefu wa futi moja na nusu, yaani mara tatu ya unene, tukatoa nusu ya unene kwenye nguzo ya zamani na nusu nyingine kwenye mguu mpya ili vikikutana virudi kuwa sita kwa sita. Kuna kitu hapa wengi wanakosea, na mzee alinionyesha kwa kuchukua viganja vyangu viwili akavilalisha kimoja juu ya kingine: nusu ya nguzo ya juu ndo iwe upande wa nje, unaopigwa na mvua, na nusu ya mguu mpya iwe upande wa ndani. Kama bati linavyolaliana. Maji yakiteremka yanapita juu ya kiungo, hayaingii. Ukigeuza, unakuwa umetengeneza mfuko wa kupokelea mvua. Na ule mkato wa chini unaoonekana kwa nje usiukate bapa, uinamishe kidogo kuelekea nje ili tone likifika pale lidondoke.

Kata na msumeno wenye meno madogo, malizia na patasi kali, jaribisha, punguza, jaribisha tena. Yale mabega mawili ya kiungo, yaani pale kipande kimoja kinapokalia kingine juu na chini, lazima yagusane barabara kwasababu uzito wa paa unapita hapo, haupiti kwenye bolti. Mzee alikuwa anapaka vumbi la mkaa kwenye bega moja, anasukuma mguu uingie, anautoa, palipopata weusi ndo pamegusa na anachonga pale tu. Alirudia mara saba kwa nguzo moja, nilihesabu, nikaona ananichosha, ila alipomaliza hata kipande cha gazeti hakikupita kwenye kiungo.

Mbao ya mguu mpya. Bora ifanane na ya zamani, mvule kwa mvule, ila mninga, mkongo na msaji vyote vinafaa. Kwa msaji uwe na macho: ile miti michanga inayopunguzwa mashambani ina weupe mwingi pembeni, na huo weupe hauna ubishi wowote, mchwa na uozo wanaula kama mkate, unaotaka ni ule moyo wa kahawia. Msonobari bila dawa sahau kabisa kwa kazi ya nje. Ukipata boriti kuukuu kutoka nyumba inayobomolewa, hiyo imeshakauka na haitasinyaa tena, ni dhahabu, ila pitisha sumaku kwanza kutafuta misumari, la sivyo msumeno utaitafuta kwa niaba yako.

Kabla ya kufunga, paka dawa. Ukipata boraksi na asidi ya boriki kwenye duka la kemikali, zinayeyushwa kwenye maji ya moto na kupakwa mara kadhaa kwenye mbao ghafi, zinazuia ukungu na wadudu, tatizo lake mvua inaziosha kwaiyo ni lazima zifunikwe na rangi. Kichwa cha mbao, yaani pale nyuzi zilipokatwa, kinyweshe dawa mpaka kikatae, maana mbao inanywa maji kwa vichwa vyake, kama mirija. Vaa glavu. Oili chafu ya gari najua kila mtu atakwambia, na kweli mchwa haipendi, ila rangi haishiki juu yake tena, inanuka, inachafua nguo na watoto wanaegemea hapo kutwa, mimi kwa baraza la watu naikataa.

Kufunga tukatumia bolti za stenlesi, chuma kisichoshika kutu, za milimita 12, nne kwa kila kiungo, zimepishana zigizaga zisikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi zikaipasua mbao, na washa pana, vile visahani vya bolti, kila upande. Bei ilituuma. Lakini pwani chumvi inakula bolti nyeusi haraka sana, na bolti ikipata kutu inavimba na kuipasua mbao yenyewe. Vichwa vyake tukavizamisha na kuvifunika na vizibo vya mbao.

Sehemu ninayoipenda ni ya chini. Mguu mpya haurudi kwenye saruji wala haugusi sakafu. Tulitengeneza kiti, jiwe la zege lililopanda kama nchi 4 juu ya sakafu, uso wake umeinama kidogo pande zote ili maji yakimbie, katikati imesimama nondo ya stenlesi iliyozama kwenye zege. Jiwe la matumbawe linapendeza zaidi kwa nyumba zetu ila linafyonza maji kama sponji, ukilitumia weka bamba la risasi au nailoni nzito kati yake na mbao. Nguzo inatobolewa chini, inakaa juu ya nondo, na kati ya mbao na zege tuliacha upenyo wa nchi moja kwa kukalisha kibamba kidogo cha chuma kisichoshika kutu. Alafu pini moja inapita kwa ubavu ikatoboa nguzo na nondo pamoja. Hiyo pini usiiache, watu wanafikiri kazi ya nguzo ni kubeba tu, ila siku ya upepo mkali bati linataka kuruka na nguzo ndo inalishika chini. Faida nyingine ya ule upenyo ni mchwa, hawezi kupanda bila kujenga njia yake mahali unapopaona.

Simamisha, pima na timazi pande mbili, kaza bolti, ndo ulegeze jeki kidogo kidogo, robo mzunguko, ngoja, robo mzunguko. Itashuka milimita moja hivi na kutulia.

Rangi haraka haraka: ya zamani usiisugue kikavu, rangi za miaka hiyo huweza kuwa na risasi, ilowanishe ndo upige msasa na watoto wawe mbali. Praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta, na kwenye kile kichwa cha chini praima iwe imeshapakwa kabla nguzo haijasimama, maana baadaye brashi haifiki.

Msimu mzuri wa kazi hii kwa Pangani na Tanga ni Januari na Februari, kaskazi linavuma na mbao inakauka. Na kama nyumba yako iko Mji Mkongwe Zanzibar au mji wa kale wa Lamu usianze kubomoa kienyeji, kule ni urithi wa dunia, 2000 kwa Zanzibar na 2001 kwa Lamu, kuna vibali vyake.

Nguzo tano zilikuwa zimeoza kwasababu ya zile soksi, lakini ya tatu ilikuwa imeoza mara mbili ya wenzake na hatukuelewa mpaka siku ya mwisho, tumekaa tunakunywa kahawa, adhana ya magharibi ikalia, mama mkubwa akatoka na kopo, akainama pembeni ya nguzo ya tatu palepale anapotawadhia kila siku, akamwaga maji ya miguu kwenye ule mguu mpya. Mzee akaweka kikombe chini, akanyanyuka, akaihamisha ndoo ya maji ya udhu upande wa pili wa ngazi bila kusema neno.