Somo: Jelibreki ya iPhone 8, 8 Plus na X kwa palera1n (soma mpaka chini kabla ya kunifuata PM, yaani kwa ujumbe binafsi)

Wakuu, habari za saa hizi. Nafungua uzi huu kwa sababu nimechoka kujibu kitu kimoja kila siku. Mtu anafika mezani kwangu hapa Kilombero, Arusha, anaweka simu juu ya kabati la kioo, anasema "fundi, nifungulie hii." Nikimuuliza ina nini, ananiambia imefungwa. Haya.

iPhone ina makufuli matatu, na kila moja lina mwenye ufunguo wake. La kwanza ni la mtandao: simu ilitolewa kwa mkopo na kampuni ya simu huko Marekani au Japani, ikafungwa isome laini yao peke yake. Ukiweka Vodacom au Airtel inakugomea. Kufuli hilo limeandikwa kwenye seva, na anayelitoa ni kampuni ileile iliyolifunga. La pili ni la iCloud, simu inadai akaunti ya mwenyewe; anayelitoa ni mwenyewe. La tatu ndilo la somo hili: Apple hawakuruhusu kuweka programu isiyopita dukani kwao wala kugusa mfumo kwa ndani. Jelibreki inatoa hilo la tatu, basi. Anayekutoza hela ya jelibreki "ili laini isome" amekupiga.

Kujua kama una kufuli la mtandao hakuhitaji fundi. Ingia Settings, General, About, shuka mpaka Carrier Lock. Ukikuta "No SIM restrictions" simu iko huru. Ila hakikisha hakuna kale kachipu kembamba kamebandikwa chini ya laini. Simu za chipu zinasoma leo, ukisasisha mfumo kesho zinagoma.

Simu zinazokubali: njia hii inategemea tobo linaloitwa checkm8, lililotangazwa na axi0mX Septemba 2019. Liko kwenye bootrom, yaani maelekezo ya kwanza kabisa ambayo prosesa inayasoma ikiwashwa, na yamechomwa kiwandani ndani ya chipu. Ndiyo maana Apple hawawezi kuliziba kwa kusasisha mfumo. Tobo linaishia prosesa ya A11, yaani iPhone 8, 8 Plus na X. XS, XR, 11 na kuendelea halipo. Rudia kusoma sentensi hiyo kabla ya kuuliza. palera1n, programu ya kompyuta inayofanya jelibreki yenyewe, ni ya iOS (mfumo wa iPhone) toleo la 15 kwenda juu. Ukiwa bado kwenye 14 tumia mwenzake, checkra1n.

Hatua zenyewe:

1. Hamisha picha, majina na kila unachokipenda kwenda kwenye kompyuta. Usiniambie "zipo tu".

2. Tafuta laptopu yenye prosesa ya Intel na tundu la USB la kawaida, lile pana. Kompyuta za mezani zenye AMD zinasumbua sana kwenye kazi hii.

3. Waya uwe wa USB pana kwenda Lightning. Ule wa Type-C kwenda Lightning uache nyumbani.

4. palera1n haifanyi kazi kwenye Windows. Pakua palen1x, ambayo ni Linux ndogo inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, uiandike kwenye flashi kwa balenaEtcher. Kila kilichokuwemo kwenye flashi kitafutika.

5. Namba ya siri. Hapa tulia. Mimi mwenyewe hatua hii iliwahi kunitoa jasho, na ndiyo inayoleta robo tatu ya PM zenu.

Kwenye iPhone 8 na X, simu ikiwa kwenye jelibreki haiwezi kutumia namba ya siri wala kidole wala uso. Ukiwa iOS 15, unaizima tu kwenye Settings na kuendelea. Ukiwa iOS 16 kuizima HAKUTOSHI. Kama simu iliwahi kuwekwa namba ya siri hata mara moja tangu ilipofutwa mara ya mwisho, itagoma. Lazima uifute yote: Settings, General, Transfer or Reset, kisha Erase All Content and Settings. Ikiwaka upya na kukuuliza namba ya siri, kataa. Itakuuliza tena baadaye kwa lugha ya upole, kataa tena. Kuna watu wanafika mpaka mwisho wa safari, kisha mtoto anachezea simu anaweka 1234, na siku simu ikizima wanatakiwa kuanza upya kwa kufuta kila kitu. Akaunti za barua pepe za ofisini nazo huwa zinalazimisha namba ya siri. Usiiweke ya ofisini kwenye simu hii. Na kabla ya kufuta, hakikisha unaikumbuka nywila ya iCloud yako. Usipoikumbuka, utakuwa umejifungia kufuli la pili kwa mkono wako.

Jiulize hapo hapo: uko tayari kutembea na simu isiyo na namba ya siri kwenye daladala za Mbauda? Kama jibu ni hapana, funga uzi huu kwa amani.

6. Zima laptopu, chomeka flashi, iwashe ukigonga F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, uchague flashi. Ikikataa, ingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya laptopu, uzime Secure Boot.

7. Chomeka simu. Kwenye sehemu ya kuandika amri andika palera1n -l kisha Enter. Tazama vizuri: baada ya "paler" na a ni tarakimu 1, siyo herufi i. Na baada ya kistari ni herufi L ndogo, siyo tarakimu 1. Mtu mmoja alinipigia simu saa nne usiku, kumbe aliandika kinyume vyote viwili.

8. Simu itaingia yenyewe kwenye rikavari (hali ya kurejesha mfumo), utaona picha ya waya na laptopu. Bonyeza Enter ufuate kinachohesabiwa: shikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha pembeni kwa sekunde 4, kisha achia cha pembeni TU, uendelee kushikilia cha sauti kwa sekunde 10 nyingine. Kioo kikibaki cheusi tii, umeingia DFU, yaani hali ambayo simu haijawasha mfumo wake, inasubiri maelekezo ya kompyuta. Ukiona tufaha umechelewa kuachia. Picha ya waya ikirudi, umewahi. Rudia, simu haiharibiki. Mkao unaosaidia: laza simu mezani, kidole gumba kwenye sauti, cha shahada upande wa pili. Ukiishika hewani waya unacheza. Ukichoka na kutaka kutoka, gusa kuongeza sauti, gusa kupunguza, kisha shikilia cha pembeni mpaka tufaha litokee.

9. Maandishi mengi yatapita kwenye kioo, simu itawaka. Washa intaneti, fungua programu ya palera1n iliyojitokeza, weka Sileo, ambalo ndilo duka la twiki (vinyongeza vya kubadili simu). Itakuomba utunge nywila, iandike mahali.

Simu ikizima kwa chaji au ukiiwasha upya, jelibreki inalala. Simu itatumika kama kawaida, ila twiki zako hazitafanya kazi mpaka urudie hatua ya 6 hadi 8. Kwa hiyo kama umeme wa mtaani kwenu unakatika na betri yako imechoka, badilisha betri kwanza.

Maswali karibuni, ila yawe ya mtu aliyesoma.

MAJIBU

Chalii wa Sakina: Mkuu nina iPhone 11, iOS 18. Inakubali?

Mwandishi: Hapana. Nimeandika XS, XR, 11.

Chalii wa Sakina: Hata kwa kutumia programu nyingine?

Mwandishi: Kuna programu nyingine ya jelibreki, Dopamine, inagusa hizo mpya, ila inaishia kwenye iOS 16, tena siyo 16 zote. Ukishapanda 18 huwezi kurudi chini, maana Apple wakiacha kusaini toleo, simu hailikubali tena. Kaa nayo ilivyo.

Bwana Mapato: Yangu imeandika "iPhone Locked to Owner". Niliinunua kwa mtu pale stendi, bei nzuri. Hii njia itaitoa?

Mwandishi: Haitaitoa. Mtafute aliyekuuzia aondoe akaunti yake mbele yako. Akikukwepa, ujue bei ilikuwa nzuri kwa sababu gani.

Bwana Mapato: Sasa si ungenisaidia tu mkuu, hata kwa kubadili IMEI nitakulipa.

Mwandishi: Kubadili IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ni kosa la jinai kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010. Usiniletee humu, na PM usinitumie.

Kijana wa Pasua: Habari kaka, niko Moshi. Nimefuata vizuri, DFU nimeingia mara ya kwanza, ila imeganda kwenye "Booting PongoOS". Waya ni USB pana, laptopu ni Intel, iPhone X 16.7. Simu niliifuta kabla.

Mwandishi: Hivi ndivyo mtu anavyouliza, wengine jifunzeni. Chomoa waya upande wa simu, hesabu mpaka tatu, rudisha. Mara nyingi inaendelea hapo hapo. Isipoendelea, bonyeza Ctrl na C, toa simu DFU kwa vitufe vitatu nilivyoeleza, hamia tundu jingine la USB, rudia amri. Usipitishe kwenye habu.

Kijana wa Pasua: Imekubali kaka, ilikuwa tundu. Swali la kujifunza tu: kwa nini iPhone 7 ya dada yangu haikudai kufutwa namba ya siri wakati tobo ni lile lile?

Mwandishi: Swali zuri. Ndani ya simu kuna prosesa ndogo ya pembeni inayoitwa Secure Enclave. Yenyewe ndiyo inayotunza funguo za data yako, na haimwamini hata prosesa kubwa. Kuanzia iOS 14 Apple waliifundisha hivi: ukiona simu imewashwa kupitia DFU, halafu mtu anakuomba ufungue data ya mtumiaji, zima kila kitu. Sisi lazima tupite DFU, kwa hiyo inatushika. Kwa A10 ya iPhone 7 lilipatikana tobo la pili, blackbird, linaloishughulikia hiyo prosesa ndogo. Kwa A11 tobo hilo halipo. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kutokuwa na namba ya siri kabisa, ili isiombwe kufungua chochote.

Kijana wa Pasua: Aisee. Asante sana kaka.

Mwalimu wa Machame: Mwanangu, kijana wangu ameniwekea hii kwenye simu, iPhone 8. Je, M-Pesa yangu iko salama? Nina hela za kikundi humo.

Mwandishi: Shikamoo mwalimu. Ukitumia *150*00# hakuna tofauti, kwa sababu menyu ile inapita kwenye laini, haijali simu ina nini. Programu za benki ndizo nyingi hukagua simu na kugoma zikiona jelibreki. Lakini mwalimu, kwa heshima, simu yenye hela za kikundi haifai kukaa bila namba ya siri. Mwambie kijana aingize tena ile flashi aandike palera1n -l --force-revert, jelibreki itatoka, kisha weka namba yako ya siri kama zamani.

Mwalimu wa Machame: Marahaba mwanangu. Nitamwambia leo leo, na atanieleza kwa nini hakuniuliza.

Mjuaji: Mnadanganya watu. Jelibreki inaua garantii na inaharibu simu.

Mwandishi: iPhone X ilitoka 2017. Garantii gani hiyo mkuu? Na kuharibu: tobo halibadilishi bootrom, -l haigusi mafaili ya mfumo, na ukiunganisha simu na kompyuta ukairejesha inakuwa kama ilivyotoka. Kinachoharibu ni twiki za kuokota kwenye vyanzo vya wizi. Simu ikigoma kuwaka vizuri baada ya kuweka twiki, rudia amri ukiongeza -s, itawaka bila twiki, uifute iliyoleta shida.

Mjuaji: Tutaona.

Mwandishi: Sawa.

Dereva wa Himo: Na Samsung je? Nina ya Marekani nataka kuweka mfumo mwingine.

Mwandishi: Uzi mwingine huo, ila kwa ufupi: Samsung nyingi za Marekani zenye prosesa ya Snapdragon, butiloda yake (programu inayowasha mfumo) haifunguki. Za huku zinazofunguka, ukifungua data yote inafutika na Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, inasoma 0x1 (alama kwamba simu ilichezewa) milele, hata ukirudisha mfumo wa awali.

Dada wa Kiboriloni: Naongezea la pembeni kwa wanaonunua mtumba. Kwenye About angalia herufi ya kwanza ya namba ya modeli: M ilitoka dukani ikiwa mpya, F imekarabatiwa na Apple, N ni ya kubadilishiwa mteja. Mwishoni LL ni Marekani, J ni Japani, B ni Uingereza. Muuzaji akikwambia "mpya ya Uingereza" na unaona F na LL, mwambie apunguze bei.

Mwandishi: Dada umemaliza. Naongeza na hii: piga *#06# kabla hujatoa hela, chukua IMEI, itume kwa SMS kwenda 15090. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu simu ni ya kampuni gani na modeli gani. Jibu lisipofanana na ulichoshika mkononi, rudisha simu mezani kwa mwenyewe.

Chalii wa Sakina: Mkuu, kwa hiyo 11 kabisa hakuna njia?

Mwandishi: Chalii.