Somo: Kuosha na kupiga polishi gari ya nyumbani na gari ya kifahari, tofauti iko wapi hasa

Assalamu alaykum jamani. Hili swali naulizwa kila siku, wengine wananifata mpaka mlango wa msikiti: "we si ulikuwa Dubai unaosha Ferrari, hebu nifanyie na IST yangu hivyo hivyo". Sasa naandika mara moja tu, atakaeniuliza tena namtumia hii.

Mpangilio wa kazi ni ule ule kwa gari zote. Kinachobadilika ni rangi ilopigwa na vitu vilotumika kuiunda gari, bei haimo. Na tena nasema kwa dhati, gari ya familia ndo yenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu Ferrari ya watu inalala ndani kwenye kiyoyozi na inatoka Ijumaa, Noah yako inalala chini ya mwembe, asubuhi inapeleka watoto skuli, mchana samaki, Jumapili imejaa ukoo mzima kwenda Nungwi na mchanga wa pwani mpaka kwenye mikanda ya siti. Sasa ipi inataka mkono wa mtu anaejua?

Hatua ya kwanza: egesha kivulini, subiri boneti ipoe.

Hatua ya pili ni maji, na hapa kwetu Zanzibar watu wanaipuuza sana. Visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvi, sasa unaosha gari kutoa chumvi ya upepo wa kusi halafu unaipaka chumvi ya kisima, unaiacha ikauke juani. Yale madoa meupe ya duara kwenye kioo ndo hayo. Ukitaka kujua maji yako yakoje chukua tone moja weka juu ya kioo cha gari, liache likauke lenyewe, ukiona pete nyeupe maji hayo yatumie kumwagia vumbi la mwanzo tu, suuza ya mwisho tafuta maji ya mfereji au ya mvua. Wakati wa masika kinga pipa, maji ya mvua madini yake ni kidogo sana, hayaachi doa kama ya kisima.

Hatua ya tatu: chini ya gari. Kama umepita pwani, suuza chini kabla hujagusa juu, matao ya tairi, ukingo wa chini wa milango, kote. Usishushe gari mchangani ukasema utaosha wiki ijayo.

Hatua ya nne: rimu na tairi, ndoo yake na brashi yake. Brashi ya rimu isiguse rangi hata siku moja.

Hatua ya tano: mwagia vumbi lote litoke, kisha shampuu ya gari, ndoo mbili, moja ya povu moja ya kusuuzia kitambaa, unaanza paa unashuka chini. Vumbi letu la kifusi ni mawe ya matumbawe yaliyosagika, ukilisugua kavu unakwaruza. Kitambaa kikianguka chini kiweke pembeni, usikipukute ukaendelea nacho, chembe moja ya mchanga inatosha kuchora mlango mzima.

Hatua ya sita: kausha kwa taulo la maikrofaiba, usiburute, lilaze uliinue. Baadae pitisha klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu uliogandia rangi, na maji ya shampuu mpaka mkono ukipita usikie ulaini.

Hatua ya saba, mashine ya polishi. Hapa soma taratibu. Rangi ya kiwandani toka bati mpaka juu kabisa mara nyingi ni maikroni 100 mpaka 150 hivi, na maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Katika hizo klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ni kama 40 au 50 tu, unywele wako wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hiyo klia. Watu wanadhani polishi inajaza mkwaruzo, hapana, inakula klia ya pembeni mpaka kimo kiwe sawa na chini ya mkwaruzo, na kilicholiwa hakirudi. Sasa gari zetu nyingi tunazipata zimeshatumika Japani, imepigwa polishi iuzike kule, imefika hapa imepigwa tena iuzike, kilichobaki hukijui. Halafu anakuja kijana na ile mashine ya kuzunguka moja kwa moja, pedi ya sufi, kompaundi kali (polishi yenye chembe za kusaga), anaegemea ukingo wa boneti, sekunde chache klia imekwisha. Nililetewa Harrier nyeusi ilofanyiwa hivyo kwengine, ukingo wote wa boneti una mstari wa kijivu, ile praima, rangi ya chini kabisa, inachungulia, mwenyewe anauliza nipake polishi gani iondoke. Hakuna polishi. Hiyo ni kupiga rangi upya.

Kwa hiyo sikilizeni. Bandika tepu kwenye kingo zote na mistari ya bodi, kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko katikati. Tumia mashine inayozunguka huku inatikisika, ile DA, ni polepole lakini si rahisi kuunguza nayo. Anza na pedi laini na polishi nyepesi kwenye kipande kidogo, kama imetosha usitafute kali. Kila baada ya muda gusa kwa mgongo wa mkono, ikiwa moto simama, na bampa uliogope zaidi kwa sababu ni plastiki, joto haliendi popote. Na mkwaruzo unaoshika ukucha uache, huo umezama chini mno, ukiufuata utaimaliza klia.

Jambo jengine, pedi ikigeuka nyeupe au nyeusi usipige kelele. Toyota nyeupe namba 040 na nyeusi namba 202 za Kijapani nyingi zimepigwa rangi bila klia juu, unachokiona kwenye pedi ni rangi yenyewe. Namba iko kwenye kibati, kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, tafuta palipoandikwa COLOR.

Hatua ya nane: waksi au silanti, kinga ya dukani inayopakwa kama waksi. Ya tisa: ndani, vakyumu kwanza, maji baadae, milango wazi ikauke.

Sasa hizo za kifahari. Kuna rangi isiyong'aa, ile ya mati, hiyo hupigi polishi wala waksi ya kawaida kabisa, ukiing'arisha umeiharibu na haitengenezeki, ni shampuu yake na maji tu. Kuna breki za kaboni seramiki, Porsche waliziweka kwenye 911 toka 2001, hizo hupulizii dawa ya rimu yenye asidi, na ukimaliza kuosha unaendesha kidogo unagusa breki zikauke. Gari yenye injini nyuma usiingize maji ya presha kwenye matundu ya kifuniko. Alcantara, kile kitambaa cha siti chenye vinyoya kama suede, ni brashi laini na kitambaa chenye unyevu, usipake yale mafuta ya dashibodi. Bodi ya kaboni, au ya alumini kama Range Rover kuanzia ya 2012, kile kipimo cha bei rahisi cha sumaku cha kupimia unene wa rangi hakisomi, kwa hiyo unafanya kazi gizani usipokuwa na kipimo chake. Ferrari F40 ya 1987 rangi yake ni nyembamba mpaka nyuzi za chini unaziona, hebu fikiria uishikie kompaundi. Hizo ndo tofauti. Mengine yote, ndoo mbili zile zile.

MASWALI

Mpenda_Vitz: Nimesoma haraka haraka, sabuni ya unga si sawa tu? Mie naitumia toka zamani.

Jibu: Rudi usome si haraka haraka. Sabuni ya unga inaondoa waksi yote na isipoyeyuka vizuri punje zake zinachora. Vitz yako ina rangi kama gari nyengine.

Kijana wa Jang'ombe: Bei?

Jibu: Hili ni somo, siuzi kitu hapa.

BintiMkoani: Shukran sana kaka, nimesoma yote mara mbili. Mie niko Pemba, gari ya baba inabeba samaki toka diko mpaka nyumbani, yale maji ya samaki yamemwagika kwenye kapeti ya buti. Nimepaka manukato ya gari ndo imekuwa mbaya zaidi. Nianzie wapi?

Jibu: Dada umeuliza vizuri. Manukato yanalala juu ya harufu, hayaitoi. Harufu ya samaki ni ya upande wa magadi, inauliwa na kitu chenye uchachu. Ng'oa kapeti yote usioshe juu juu, maana maji yameshuka mpaka kwenye sponji ya chini. Suuza kwa maji baridi, maji ya moto yanaikaza ile damu. Kisha siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, mwagia iingie, iache kama nusu saa, suuza, anika juani mpaka ikauke kabisa ndani na nje. Na lile bati la chini ya kapeti lifute pia kwa maji baridi, yale maji yana chumvi, kutu inaanzia hapo. Kuanzia sasa mwekeeni mzee beseni la plastiki lenye ukingo.

BintiMkoani: Allah akulipe. Na urojo je? Mdogo wangu kaumwaga kwenye siti ya kitambaa, doa la njano.

Jibu: Hahaa, urojo na siti ni kisa cha kila nyumba. Hiyo njano ni ya manjano, bizari. Toa mafuta kwanza kwa sabuni ya maji kidogo na brashi laini, futa. Njano itabaki, usiisugue mpaka kitambaa kikatoka nyuzi, fungua milango siti ipigwe na jua lenyewe, rangi ya manjano inakufa juani. Ipe siku kadhaa utaona inapauka.

Mzee wa Bububu: Yakhe, mie napulizia oili chafu na dizeli chini ya gari, chumvi haigusi. Huo ndo ujuzi wa wazee, nyie vijana mnapenda dawa za dukani.

Jibu: Mzee wangu kwa heshima zote, chuma kinapona, sikatai, lakini zile bushi za raba zinavimba na kulegea kwa mafuta, na ikirukia diski ya breki ni hatari. Tena ukipulizia juu ya chumvi bila kusuuza umeifungia ndani. Suuza kwa maji matamu, kausha, halafu kama unataka kinga tumia waksi ya chini ya gari.

Mzee wa Bububu: Gari yangu haijaoza mpaka leo.

Jibu: Alhamdulillah. Angalia bushi.

Sheby_IST: Nikipiga koti ya seramiki si nimemaliza, hata nisipoosha?

Jibu: Hapana. Inasaidia uchafu usigande, haizuii mkwaruzo wa mchanga wala doa la maji ya chumvi. Hata mavi ya kunguru, hawa wa Kihindi tulioletewa miaka ya 1890, ukiyaacha juani yanaila hiyo koti. Mavi ya ndege loweka kwa kitambaa chenye maji dakika chache ndo ufute, usikwangue.

Sheby_IST: Ila duka wameniambia miaka mitano bila kugusa.

Jibu: Basi kawaulize wao.

Fundi_harusi: Kaka mie nakodisha gari za harusi, Alphard na Mercedes moja. Mapambo wanabandika kwa solitepu, ikikaa juani gundi inabaki kwenye boneti. Natumia tina, nahisi rangi inafifia. Kuna njia?

Jibu: Acha tina leo leo, inalainisha rangi. Mafuta ya nazi, kweli hayo ya jikoni. Paka juu ya gundi, subiri robo saa, sugua kwa kidole utaona inajikunja inatoka, kisha osha kwa shampuu mafuta yasibaki. Kwa Alphard kama ni nyeusi 202 kuwa na mkono mwepesi, rangi ile ni laini sana, hata kitambaa kigumu kinaacha alama, Mercedes klia yake ngumu kidogo inavumilia. Na wapambaji waambie wafunge utepe kwenye vishikio vya milango na vioo vya pembeni, boneti waiache.

Fundi_harusi: Na wale wanaoweka maua mabichi juu ya boneti?

Jibu: Weka kitambaa cha maikrofaiba kisafi chini ya maua, chenye unyevu ili kisiteleze, na yatoke tu bibi harusi akishashuka. Utomvu wa maua ukikauka unafanya kama wa mwembe, utauondoa kwa mafuta ya nazi hayo hayo.