Kufikisha mawimbi ya simu ya mezani isiyo na waya hadi chumba cha mwisho

Simu ya mezani isiyo na waya ikianza kukatakata vyumba vya nyuma, mafundi wengi hukimbilia kumuuzia mwenye nyumba ripita, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya simu na kuyarudia ili yafike mbali zaidi. Kazi yangu ni kufunga simu hizi hapa Dodoma, majumbani, kwenye zahanati na nyumba za wageni, na nakusihi uiache ripita iwe hatua ya mwisho. Nyumba nyingi hupona kwa kuhamisha kitako tu.

Kitako ndicho kinachochomekwa kwenye laini na kwenye umeme. Mkonga ndio unaotembea nao. Huwasiliana kwa masafa ya 1880 hadi 1900 MHz. Mahali pa wazi mkonga hufika kama mita 300, ndani ya nyumba kama 50. Hizo 50 usizitegemee penye ukuta wa tofali za kulaza, ambao una inchi 9 kabla hata ya plasta.

Hatua ya 1: Soma lebo

Kama simu ililetwa kutoka Marekani na imeandikwa DECT 6.0, hutumia 1920 hadi 1930 MHz, masafa ambayo kwetu yanaingia kwenye eneo la mitandao ya simu za mkononi. Adapta yake nayo, ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, itaungua kwenye soketi zetu za 230. Usipoteze hela kuiboresha. Tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kitako

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, hata kwa penseli, kisha piga mstari kutoka kitako kilipo hadi kila chumba. Hesabu kuta zinazokatwa. Angalia pia zinakatwaje: mstari unaopita ukuta mshazari unapita kwenye tofali nyingi zaidi kuliko unaopita moja kwa moja, ndiyo maana chumba cha pembeni husumbua hata kama kiko karibu. Kitako kikikaa sebuleni kwenye kona, karibu kila mstari ni wa mshazari. Kikihamia koridoni, milango inakuwa njia.

Chuma ni kibaya kuliko tofali. Kiepushe kitako na friji, kabati la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia na nguzo ya zege yenye nondo. Tenki la maji nalo humeza mawimbi.

Sasa inua macho. Katika nyumba zetu nyingi kuta za ndani huishia kwenye lenta, halafu inafuata siling bodi au jipsamu, na juu yake ni uwazi mtupu hadi kwenye bati. Jipsamu haizuii mawimbi sana. Kitako ukikifunga juu ukutani, karibu na dari, sehemu ya mawimbi hupanda, huvuka juu ya kuta na kushukia chumba cha mbali. Lakini usikiweke darini kwenyewe. Joto la mchana chini ya bati la Dodoma litakiua.

Soketi ya laini ikiwa mbali, vuta waya wa simu kupitia darini hadi koridoni. Waya huo ni bei ndogo kuliko ripita. Kwa wenye faiba, kitako huchomekwa kwenye tundu la simu la kiboksi, na umeme ukikatika vyote viwili huzima, hivyo viwekee betri ya akiba.

Hatua ya 3: Zima hali ya kubana umeme

Ingia kwenye menyu utafute Eco. Kwenye simu nyingi hupunguza nguvu ya mawimbi. Izime.

Hatua ya 4: Pima kwa kutembea

Funga milango yote. Piga simu, mtu wa upande wa pili ahesabu namba kwa sauti bila kukoma, nawe utembee polepole. Kila namba inaporukwa, weka alama kwenye ramani. Usiamini vijiti vya mtandao kwenye kioo cha mkonga. Sikio ndilo linaloamua.

Hatua ya 5: Ripita, kama bado

Nunua ya kampuni ileile iliyotengeneza kitako. Mkonga wa kampuni nyingine mara nyingi hukubali kuunganishwa, ripita ni nadra. Baadhi ya vitako hutaka uwashe kwanza hali ya ripita kwenye menyu.

Isikae kwenye chumba kisicho na mawimbi, maana haitakuwa na cha kurudia. Rudi nyuma hadi mahali ambapo hesabu bado inasikika safi, uiweke hapo, ikiangalia mlango au dirisha la upande wenye shida. Kwa vyumba vya uani, dirisha la jikoni mara nyingi hufaa, mradi nondo za dirisha zisiwe zimebanana sana.

Baada ya hapo rudia kupima kama hatua ya 4, mkonga ukiwa na betri za kuchajiwa zilizojaa. Betri za kawaida za volti 1.5 usizitie: zikiwekwa kwenye chaja huvuja na kula vyuma vya ndani.